Mji wa Kompyuta na Mji wa Mama Mboga

Najua wapo watakaolisoma jina la makala hii na kuuliza, "Jamani, michezo ya kompyuta imeingiaje katika jarida la Chama cha Kiswahili?" Toleo lililopita lilijaa ngano, vitendawili na insha za methali, na ni vizuri. Lakini wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga, nami nina swali ambalo limenikaa rohoni kwa muda mrefu: ni nani anayeupanga mji, na anaupanga akiwa amesimama wapi? Swali hili nililipata mahali ambapo wazazi wengi husema hapana elimu, yaani katika mchezo wa video. Naomba mnivumilie. Atakayesoma hadi mwisho ataona kwamba jambo lenyewe linawahusu hata wale ambao hawajawahi kugusa kompyuta, na kwamba Kiswahili kina kazi yake humo.

Mimi ni mtoto wa mtaani, upande wa mashariki wa Nairobi. Nina binamu, mwana wa shangazi yangu, anayesomea mambo ya ujenzi chuoni. Ana kompyuta, na ndani yake mna mchezo uitwao Cities: Skylines, uliotengenezwa na kampuni moja ya Ufini na kutolewa mwaka wa 2015. Mchezaji hupewa ardhi tupu na fedha kiasi, kisha huwa meya. Hakuna kupiga risasi wala kukimbizwa na majoka. Kazi ni moja tu: jenga mji. Kwanza unachora barabara. Kandokando ya barabara unapaka rangi: kijani ni makazi, buluu ni maduka, manjano ni viwanda. Baada ya hapo watu huja wenyewe, na nyumba huota kama uyoga baada ya mvua. Ukivuta maji ya kunywa karibu na mahali unapomwaga maji machafu, watu huugua. Usipokusanya taka, watu huhama. Ukipandisha kodi kupita kiasi, hivyo hivyo.

Tusidanganyane, mchezo huu ni mtamu. Tena unafundisha. Ni hapo nilipoelewa kwa nini msongamano wa magari hauishi. Nilikuwa nikidhani dawa ya msongamano ni kupanua barabara. Kumbe ukipanua barabara na magari yote bado yanakutana kwenye makutano yale yale, umehamisha foleni tu, hujaiondoa. Binamu yangu alinionyesha jambo hilo kwa dakika 10, na tangu siku hiyo kila nikiwa ndani ya matatu iliyokwama mimi huangalia makutano yaliyo mbele kabla ya kumlaumu dereva.

Ukitaka kuujua mti, chimba uione mizizi yake. Michezo ya kujenga miji ilipata umaarufu kwa kazi ya Mmarekani mmoja aitwaye Will Wright. Mwaka wa 1984 alitoa mchezo wa helikopta, Raid on Bungeling Bay, ambamo mchezaji huruka juu ya visiwa na kuvipiga mabomu. Wright mwenyewe aligundua kwamba anafurahia zaidi kuvichora vile visiwa, pamoja na barabara na viwanda vyake, kuliko kuvibomoa. Akaendelea kuchora. Wazo hilo likazaa mchezo wa SimCity, uliotolewa mwaka wa 1989 na Maxis, kampuni aliyoianzisha pamoja na mwenzake. Hapo awali wafanyabiashara walisitasita, kwa kuwa mchezo wenyewe haukuwa na mshindi wala mshinde. Nani atanunua mchezo usio na mwisho? Kumbe wanunuzi walikuwa wakiungojea!

Wright hakuwa mpangaji wa miji. Alijifundisha kwa kusoma vitabu. Kimojawapo kiliitwa Urban Dynamics, kilichochapishwa mwaka wa 1969 na Jay Forrester, mhandisi wa chuo cha MIT. Forrester alikuwa bingwa wa kompyuta. Alizungumza na John Collins, aliyekuwa meya wa Boston hadi mwaka wa 1968, kisha akaugeuza mji kuwa hesabu: watu wangapi, nyumba ngapi, kazi ngapi, na jinsi kimoja kinavyokivuta kingine. Hesabu zake zikatoa jawabu la kushangaza, kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu huudhuru mji. Wataalamu wengi walimpinga. Walisema mji wake wa karatasini hauna vitongoji vya kuuzunguka, na kwamba jawabu limetokana na mambo aliyoyaingiza yeye mwenyewe tangu mwanzo. Apandaye mtama havuni mahindi.

Jambo hili lilinizindua. Nilikuwa nikidhani kompyuta haina maoni. Ni kweli haina, lakini aliyeitengenezea hesabu zake anayo. Ndani ya kila mchezo wa kujenga mji kuna mtu aliyeketi akaamua kitu gani ni mji mzuri, kitu gani huvuta watu, na kitu gani hakihesabiwi kabisa. Mchezaji haoni maamuzi hayo. Yeye huona matokeo tu, akadhani ndivyo ulimwengu ulivyo.

Chukua mfano wa maegesho ya magari. Toleo la SimCity la mwaka wa 2013 lilibuniwa na kundi lililoongozwa na Stone Librande. Bwana huyo alipima maduka ya kweli ya Marekani pamoja na maegesho yake, akastaajabu kuona jinsi maegesho yanavyokula ardhi. Wangeyaweka yalivyo, mji wa mchezo ungekuwa lami tupu, wala usingependeza. Basi wakaamua kujifanya kwamba maegesho yako chini ya ardhi, yasionekane. Sasa fikiria kijana anayeucheza mchezo huo miaka mitatu. Atakua akiamini kwamba kila mtu anaweza kuwa na gari lake na bado mji ukabaki na nafasi ya bustani. Hakuna aliyemwambia uwongo kwa mdomo, lakini ameshafundishwa.

Mfano mwingine unatisha zaidi. Mwanafunzi mmoja wa usanifu wa majengo kutoka Ufilipino aliamua kuushinda mchezo wa SimCity 3000. Alikaa miaka kadhaa akipiga hesabu na kuchora kwenye karatasi, kisha akajenga mji alioupa jina la Magnasanti. Mji huo ulikuwa na wakazi wapatao milioni 6, umepangwa kwa ulinganifu kamili kama kitambaa kilichofumwa. Kwa hesabu za mchezo, hiyo ilikuwa alama ya juu kabisa. Lakini hewa ilikuwa chafu, polisi wamejaa kila pembe, na ni nadra mkazi kuishi kupita miaka 50. Mwanafunzi huyo alikusudia hivyo, ili sote tuone jinsi mji unavyoweza kushinda kwa takwimu huku watu wake wakiangamia. Nilipoyasoma hayo niliweka kompyuta kando nikakaa kimya.

Huenda wewe msomaji unasema, "Hayo ni ya Ulaya na Marekani, sisi yatuhusu nini?" Hebu twende polepole. Nairobi yetu ilianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli kwenye tambarare yenye maji na matope. Waliokuja kuipanga nao walikuwa na ramani na rangi. Tofauti ni kwamba rangi zilizotumika zilikuwa za ngozi. Wazungu waliwekwa kwenye vilima vya magharibi vyenye hewa safi na viwanja vikubwa. Wahindi walipewa sehemu kama Parklands na Ngara. Waafrika wakasukumwa mashariki, karibu na reli na viwanda, katika vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya kibarua asiye na mke wala watoto. Mwaka wa 1948 ukatoka mpango mkuu wa mji, uliochorwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, ukaigawa Nairobi katika kanda na vitongoji. Ukipanda gari leo kutoka magharibi kwenda mashariki mwa jiji, tazama miti. Utaona inapungua kadiri unavyoendelea. Waliopaka zile rangi waliondoka zamani, lakini rangi hazikufutika.

Na pale ambapo mpangaji hakutaka kuona, ramani ilibaki tupu. Kibera ina watu tangu enzi za askari Wanubi, mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, kwenye ramani nyingi palikuwa kama doa tu, hadi vijana wa huko huko walipoanza kuichora wenyewe mwaka wa 2009 katika mradi wa Map Kibera. Waliingia kila kichochoro wakaandika ulipo mfereji wa maji, choo, zahanati na shule. Hakuna helikopta ambayo ingewaonyesha mambo hayo.

Sasa nieleze jambo linalonigusa mimi mwenyewe. Mama yangu ni mama mboga. Kwa miaka 11 alikuwa na kibanda kando ya barabara inayoingia mtaani kwetu, akiuza sukuma wiki, nyanya, vitunguu na dania. Karo yangu ya shule imetoka humo. Siku moja binamu yangu alikuja nyumbani na kompyuta yake, nikamwonyesha Mama mji tuliokuwa tukiujenga. Ulikuwa na maghorofa, barabara za njia sita na kituo cha treni. Mama alivaa miwani yake, akatazama kwa makini, akauliza:

"Na hapa mtu akitaka nyanya za shilingi 20 jioni, akitoka kazini, anazipata wapi?"

"Kuna maduka, Mama. Ona hapa penye buluu."

"Hayo naona ni makubwa. Nauliza mtu kama mimi amekaa wapi?"

Binamu yangu alicheka kidogo, akasema, "Shangazi, kwa huu mchezo hakuna kibanda."

"Basi huo mji wenu watu wake wanakula vioo," Mama akasema, akarudi jikoni kukoroga ugali.

Haukupita mwaka, barabara ile ya mtaani ikaamriwa ipanuliwe. Ofisi iliyotoa amri sitaitaja. Tuliamka tukakuta alama ya X imepakwa kwa rangi nyekundu kwenye vibanda vyote, kuanzia kwa fundi wa viatu hadi kwa kinyozi. Tukapewa siku tatu. Siku ya nne, alfajiri, tingatinga likaja. Katika mchezo wa kompyuta, tingatinga ni picha ndogo chini ya kioo. Unalibofya, unaligusisha kwenye nyumba, pu! vumbi kidogo, pamekwisha. Watu waliokuwamo hutoweka. Mchezo wa Cities: Skylines una kijindege cha buluu kinachomletea meya maneno ya wakazi, na hapo wakazi wanaweza kulalamika kuhusu taka au umeme. Lakini hakuna mkazi anayeweza kusimama mbele ya tingatinga akasema, "Ngoja kwanza." Kwetu walisimama. Mama alisimama na beseni la nyanya kichwani. Hakuna aliyewauliza walikuwa wakitaka kusema nini.

Sikatai kwamba barabara ilihitajika. Foleni ya asubuhi ilikuwa mbaya mno, hata wagonjwa walicheleweshwa. Jambo linalonikera ni kwamba aliyeichora hakujua alichokuwa akikiondoa. Kibanda cha Mama hakikuwa duka tu. Hapo ndipo majirani walipoacha funguo. Hapo mtu alikopa mboga hadi mwisho wa mwezi. Mtoto akipotea, alipelekwa hapo. Usiku, taa ya chemni ya Mama na ya muuza mahindi choma ndizo zilizomulika njia, na dada zetu wakipita kutoka kazini walijua wanaonekana. Baada ya vibanda kuondolewa, njia ile ikawa giza, na wasichana wakaanza kuzunguka kwa barabara ya mbali. Magari sasa yanapita mbio, na daraja la waendao kwa miguu liko mbali sana, hata watoto wa shule ya msingi hukimbia katikati ya magari. Kwenye ramani, barabara hiyo ni ushindi.

Mwandishi mmoja wa Marekani, Jane Jacobs, aliyaeleza mambo kama haya mwaka wa 1961 katika kitabu chake kuhusu uhai na kifo cha miji mikubwa ya huko kwao. Alisema usalama wa mtaa hutokana na macho ya watu walioko njiani: wenye maduka, wazee waliokaa, akina mama madirishani. Alipinga mtindo wa kutenga makazi huku, maduka kule, na kazi mbali zaidi, kwa maana mtaa wa aina moja hulala mapema. Ama kwa hakika, ukiusoma hoja hizo utadhani aliwahi kununua mboga kwa Mama.

Lakini mbona tuende mbali? Waswahili wa pwani waliyajua haya karne nyingi zilizopita. Mwaka wa 2001 Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mji huo haukujengwa kwa kipimo cha gari. Vichochoro vyake ni vyembamba, na nyumba za mawe ya matumbawe husimama karibu karibu, moja ikiipa nyingine kivuli, hivyo mtu hutembea mchana wa jua kali bila kuungua. Hata upana wa chumba ulitokana na kitu halisi, yaani urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Na nje ya mlango kuna baraza. Baraza ni nini? Ni ukingo wa mawe wa kukalia, lakini vilevile ni mahali pa mazungumzo. Neno hilo hilo tunalitumia kwa mkutano wa chifu, na hata kwa mkutano wa mawaziri. Lugha yetu yenyewe inashuhudia kwamba jengo na shauri ni ndugu. Msanifu aliyeweka kiti nje ya nyumba alikuwa akiwaza juu ya mgeni, jirani na mpita njia kabla hajawaza juu ya paa.

Sasa nirudi kwenye mwaka wa 1989, mwaka ule SimCity ilipoanza kuuzwa. Katika mchezo ule, bustani ikikuzuia kujenga mnara, unaibomoa. Mwaka huo huo hapa Nairobi kulikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, kwa ajili ya kampuni ya gazeti la chama tawala cha wakati huo. Profesa Wangari Maathai alikataa. Aliandika barua kwa wakubwa wa serikali, kwa mabalozi na kwa mashirika ya nje, na akaenda mahakamani. Mahakama haikumsikiliza, na bungeni alikejeliwa. Hakunyamaza. Waliotarajiwa kutoa fedha kutoka nje wakajiondoa, na mpango ukafa. Bustani ya Uhuru ipo, na Profesa alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka wa 2004 kwa kazi yake ndefu ya mazingira na demokrasia. Alifariki mwaka wa 2011. Miaka miwili baada ya kisa cha Uhuru, mwaka wa 1991, palitokea mpango mwingine wa kugeuza bustani ya Jeevanjee kuwa maegesho ya ghorofa. Zarina Patel, mjukuu wa yule A. M. Jeevanjee aliyewapa wakazi wa mji bustani hiyo mwaka wa 1906, aliongoza upinzani, na bustani ikapona. Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya mji wa kompyuta na mji wa kweli. Mji wa kweli una Wangari na una Zarina. Una watu wanaoweza kumwambia meya "La hasha!"

Je, tuseme michezo hii ni mibaya, tuitupe? Mimi sisemi hivyo. Will Wright mwenyewe alishuka kutoka angani. Mwaka wa 1991 moto mkubwa ulizuka Oakland, California, na nyumba yake ikateketea pamoja na vitu vyake. Alipokuwa akianza upya, alijiuliza mtu anahitaji nini hasa ndani ya nyumba: kiti, kitanda, mwanga, mtu wa kuzungumza naye. Alikuwa pia amesoma A Pattern Language, kitabu cha mwaka wa 1977 cha msanifu Christopher Alexander na wenzake, kinachoeleza mambo madogo madogo yanayoifanya nyumba au mtaa ukalike. Wazo lake la kwanza lilikuwa mchezo wa kusanifu nyumba, ambamo vibinadamu vidogo vingekaa na kuonyesha kama nyumba inafaa. Mwishowe vibinadamu hao wakapendeza kuliko kuta, na mchezo wa The Sims ukatolewa mwaka wa 2000. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliyeuangalia mji kutoka kwenye helikopta aliinama hadi akauona mlango, meza na mtu mwenye njaa.

Na wapo walioinama zaidi. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lina makao yake makuu papa hapa Gigiri. Mwaka wa 2012 lilishirikiana na Mojang, kampuni ya Uswidi iliyotengeneza Minecraft, mchezo wa kujenga kwa matofali ya kompyuta, wakaanzisha mradi uitwao Block by Block. Wanafanya hivi: mahali pa umma panapotaka kutengenezwa huchorwa kwanza ndani ya Minecraft jinsi palivyo. Kisha wakazi wenyewe, vijana, akina mama, wazee na wachuuzi, huketi wawili watatu kwenye kompyuta moja na kujenga wanachokitaka. Huyu anaweka taa, yule anaweka choo, mwingine anaondoa ukuta. Mwishoni kila kundi husimama likawaeleza wenye mamlaka na wasanifu. Miongoni mwa maeneo ya kwanza ulikuwa uwanja wa michezo wa Kibera, na baadaye bustani ile ile ya Jeevanjee ikashughulikiwa kwa njia hiyo.

Uzuri wake ni nini? Mchoro wa msanifu ni mgumu kusoma kwa asiyeusomea. Mistari tu na namba. Mama yangu hawezi kuusoma, hata mimi nababaika. Lakini matofali ya Minecraft mtu yeyote anayaelewa. Mchuuzi anaweza kuonyesha kwa kidole, "Mimi hukaa hapa, na maji ya mvua hutoka huku." Kwa hiyo mchezo ule ule uliokuwa kiti cha meya unageuka kuwa baraza. Sina maana kwamba kompyuta hujenga bustani. Bila fedha na nia njema, picha itabaki picha. Lakini watu wakishaonyesha mbele ya kila mmoja wanachokitaka, ni vigumu mtu kudai baadaye kwamba hawakuwa na la kusema.

Sasa nafika kwenye kazi ya Chama chetu. Katiba ya mwaka wa 2010 inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba hiyo hiyo inautaja ushirikishaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Haya mawili yanapaswa kwenda pamoja kama chanda na pete, lakini mtaani sivyo nionavyo. Muhula uliopita kibao kilipigiliwa msumari katika uwanja wetu wa mpira, uwanja wa mwisho uliobaki mtaani. Kilikuwa cha Kiingereza kitupu, tena kile cha mawakili. Kilisema kwamba sehemu ya uwanja itabadilishwa matumizi, na kwamba mwenye maoni ayapeleke kwa maandishi kabla ya tarehe fulani. Watu walipita wakidhani ni tangazo la kampuni ya simu.

Mimi na wenzangu wawili tulikaa jioni moja na kamusi, tukakitafsiri kwa Kiswahili cha kueleweka, tukaandika kwa kalamu nzito kwenye karatasi nne. Tukabandika kwenye kinu cha posho, msikitini, kanisani na kwenye kituo cha bodaboda. Kwa siku mbili mtaa mzima ulikuwa ukizungumza habari za uwanja. Mama na wachuuzi wenzake waliandika barua yao, ukurasa mmoja, wakaitia sahihi na alama za dole gumba kwa wale wasiojua kuandika. Walisema uwanja ubaki, na upande wa barabarani patengwe mahali pa vibanda penye taa. Barua imepokelewa na kupigwa muhuri. Jawabu bado. Huenda tukashindwa, lakini safari hii hakuna atakayesema kwamba hatukuuliza.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wetu na kwa wanachama wote. Kila likizo tunarudi nyumbani, wengine mijini, wengine vijijini. Ukiona kibao cha ardhi, cha barabara au cha soko, kinakili. Tukifungua shule, tukitafsiri hapa katika mikutano yetu ya kila wiki, walimu watusahihishe, kisha kila mtu arudishe tafsiri kwao. Tutajifunza msamiati ambao hatuna katika vitabu vya fasihi: ukanda wa makazi, hifadhi ya barabara, mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Na wale mlio na michezo ya kompyuta, chezeni, mradi masomo yasidorore. Lakini mkimaliza kujenga mji wenu wa maghorofa, mwiteni mama, nyanya au jirani aliye karibu, mmwonyeshe, na mmwache aulize maswali. Mimi naendelea kusoma hesabu na uchoraji, kwa maana nataka kuwa mpangaji wa miji. Mungu akinijalia, kabla sijachora mstari wowote nitautembea mtaa huo kwa miguu, asubuhi na usiku, na nitanunua mboga hapo.